Bandika Skatingi ya Jikoni Bila Kupasua Taili za Landilodi

Skatingi ni ile mbao inaziba nafasi chini ya kabati za jikoni, ndio mende na maji ya kupiga deki visiingie huko. Fundi akikuja na drili akitaka kutoboa sakafu, mwambie apoe. Taili moja ikipasuka, hiyo doo inatoka kwa depo yako.

Kabati ziko na miguu? Cheki klipu kwa hadiwea. Zinafungwa nyuma ya mbao na kushika miguu, taili haiguswi.

Hakuna miguu? Tumia silikoni:

1. Panguza taili na spiriti itoe mafuta. Wacha ikauke.
2. Paka makali ya chini ya mbao rangi ya mafuta. MDF ikinyonya maji inafura, imeisha.
3. Weka silikoni matone matone nyuma ya mbao, bandika, shikilia na tepu saa 24.
4. Piga mstari mwembamba wa silikoni mahali mbao inakutana na taili.

Siku ya kuhama, kata silikoni polepole na kisu chembamba upande wa mbao. Mabaki kwangua na kadi ya plastiki, si chuma. Sakafu inabaki fiti, na landilodi hana sababu ya kukukata.