Sala ya Mzazi na Cheti cha Mtoto

Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya historia yetu. Habari za mabweni, mpira na walimu wakuu zimekwisha kuandikwa na wenzangu, tena vizuri. Mimi nataka kuandika habari za watu ambao hawakuketi darasani hapa hata siku moja, lakini bila wao madarasa yangekuwa matupu. Hao ni wazazi wetu, na hasa wazazi Wakristo wa mkoa wetu wa Kagera, kwa kuwa ndio ninaowajua. Mtoto alipomaliza sekondari, waliamini nini, na walitumaini nini?

Tuanze na asili. Mapadre wa Kikatoliki, White Fathers, walifungua misheni Kashozi mwaka 1892. Kwa upande wa Walutheri, Injili ilikuwa imekwisha kuletwa na Waafrika wenyewe, waliojifunza kusoma huko Buganda, kabla wamisionari wa Bethel hawajafika mwaka 1910. Jambo hilo la kusoma si dogo. Buganda Mkristo aliitwa msomaji, na mtu alijifunza herufi na dini kwa pamoja. Kwa babu zetu, basi, kitabu na imani vilikuwa kitu kimoja. Aliyempeleka mtoto wake shule hakuona kwamba anatafuta mshahara tu. Aliona kwamba anamtoa kwa Mungu, kama Hana alivyomtoa Samweli.

Lakini mlango ulikuwa mwembamba mno. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na wa Kidato cha Sita 176 tu. Mwaka 1967 walikuwa 25,000, na wa Kidato cha Sita 830. Hata hivyo, kati ya watoto 100 waliomaliza shule ya msingi mwaka ule, 13 tu ndio waliotarajiwa kupata nafasi ya kuendelea. Mzazi aliyekuwa na mtoto katika hao 13 alipiga magoti kushukuru, huku jirani yake akipiga magoti kuuliza kwa nini wake amebaki. Wote wawili walikuwa kanisa moja.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Alisoma hadi darasa la nne. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964, lakini nauli, sanduku, blanketi na viatu havikufutwa, na vyote hivyo vilitoka katika mibuni. Tumaini lake lilikuwa moja, nalo halikufichwa: nimalize shule, niwe mchungaji. Kila jioni alilitaja mbele za Mungu, nami nikiwa nimepiga magoti papo hapo nasikiliza.

Kumbe Taifa nalo lilikuwa na matumaini yake juu ya watoto wale wale. Mwaka 1966 iliamuliwa kwamba wahitimu wa sekondari na vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa. Oktoba mwaka ule wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga, na mamia yao wakarudishwa makwao. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni, yetu ikiwa mojawapo, zikawekwa chini ya Serikali. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaongeza kwamba mhitimu afanye kazi kwanza kabla ya kuomba nafasi ya Chuo Kikuu.

Nakumbuka jinsi wazee wa kanisa walivyohangaika baada ya sheria ile ya 1969. Walikuwa wamebeba mawe ya kujengea shule kwa vichwa vyao, na sasa waliulizana nani atawasalisha watoto. Hofu yao haikuwa ya bure, lakini tuwe waadilifu katika kusimulia. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkristo, aliyebatizwa mwaka 1943 na kufundisha katika shule ya Wakatoliki ya Pugu. Shabaha ya sheria ilikuwa mtoto wa Kitanzania apate nafasi bila kuulizwa dini yake, kwani watoto wengi wa Kiislamu walikuwa wameachwa nyuma. Seminari zilibaki mikononi mwa makanisa, na vipindi vya dini viliendelea shuleni. Zaidi ya hayo, wazazi walijifunza jambo ambalo misheni ilikuwa imewasahaulisha: kwamba kazi ya kumlea mtoto katika imani ni ya nyumbani, wala haiwezi kukabidhiwa bweni. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mimi nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 1970. Baada ya jeshi na chuo nilipangiwa kuwa mwalimu, tena mbali, kusini ya nchi. Nilirudi nyumbani kumwambia baba, nikiwa na wasiwasi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nilimwomba Mungu akupe kazi. Sikumpa kipimo cha kuikata." Hakulitaja tena jambo la uchungaji hadi alipofariki, na kila nilipokwenda likizo aliniuliza majina ya wanafunzi wangu ili awaombee.

Mtihani mkubwa ulikuwa bado mbele. Mdogo wangu alimaliza Kidato cha Nne mwaka 1979, mara baada ya vita vya Kagera. Alipata kazi nzuri, na nyumbani tulichinja mbuzi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa wetu huu. Dawa hazikuwapo; ni mwaka 2004 Serikali ilipoanza kuzitoa bure. Mdogo wangu alizikwa mwaka 1988, akiwa na cheti chake sandukuni. Wazazi wengi wa Kagera waliwazika watoto wale wale waliowasomesha kwa kahawa na sala, kisha wakaanza upya, uzeeni, kuwalea wajukuu. Mama yangu aliwalea wawili. Aliwapeleka shule, akawaombea kila jioni, lakini maneno ya sala yalikuwa yamebadilika. Hakuomba tena wawe wakubwa. Aliomba wawe hai, na wawe wema. Wote wawili wamo leo, mmoja ni muuguzi na mwingine fundi seremala. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona imani iliyokuwa na nguvu kuliko ile.

Nayaandika haya kwa sababu mlango uliokuwa mwembamba sasa umepanuliwa. Tangu mwaka 2016 elimu hadi Kidato cha Nne hailipiwi ada katika shule za Serikali, na tangu 2022 hata Kidato cha Tano na cha Sita. Wanaomaliza ni wengi mno, na cheti peke yake hakimpatii mtu kazi kama zamani. Wazazi wengine hufadhaika, wakaona kama Mungu hakusikia. Mimi nasema sivyo. Sala ya mzazi haikupata kuwa bima ya mtihani, hata siku zile tulipokuwa 13 katika 100. Baba aliniombea uchungaji nikawa mwalimu. Mdogo wangu aliombewa maisha marefu, naye akatutangulia. Kilichobaki katika nyumba yetu ni watu waliojua kwamba wanapendwa na kwamba wanadaiwa wema.

Wanetu mnaojiandaa kwa mtihani, someni kwa bidii, kwani kusoma ni sehemu ya ibada ya wazee wenu. Matokeo yakija, mazuri au mabaya, nendeni nyumbani mkawaambie wazazi kwa midomo yenu wenyewe. Nasi wazazi tuwe tayari kuwapokea kwa namna moja katika hali zote mbili.