Spika za masikioni: zinazokaa vizuri, zisizoumiza, na zisizomaliza usikivu wa kijana wako

Spika za masikioni, ambazo wengi tunaziita iafoni, ni vile vispika vidogo vinavyoingia kwenye tundu la sikio ili mtu asikilize simu au redio peke yake. Huku Shinyanga na Geita utaziona kila mahali: kwa mwanafunzi anayerudi shule, kwa dereva wa bodaboda (ambaye hapaswi kuzivaa barabarani), na kwa kijana anayeshinda karashani. Akina mama huniuliza kliniki, "Nesi, hizi zinaharibu masikio?" Jibu linategemea ukubwa wa sauti, muda wa kusikiliza, na jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii: namna zinavyokaa sikioni.

Kwa nini huchomoka?

Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa takribani sentimita 2.5, na haikunyooka kama bomba. Imepinda kidogo kama herufi S. Upana wake hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hata sikio la kulia na la kushoto la mtu yuleyule huenda yasilingane. Kijana akilalamika kwamba upande mmoja tu ndio unaoanguka, hasingizii.

Jaribu hili sasa hivi. Weka ncha ya kidole kidogo mwanzoni mwa tundu la sikio, kisha fungua na kufunga mdomo kama unayetafuna muhindi. Utahisi njia inabadilika umbo. Kiungo cha taya kipo mbele tu ya sikio, kwa hiyo kila mtu anapotafuna, kuongea au kupiga miayo, spika inasukumwa nje kidogo kidogo. Jasho linafanya ngozi iteleze. Waya, kama upo, unavuta chini kila shingo inapogeuka.

Ndiyo maana spika iliyotengenezwa vizuri haishikilii sehemu moja tu. Ina kipira laini cha silikoni au sponji kinachojaza mwanzo wa tundu. Mwili wake unaegemea kwenye kibakuli cha sikio la nje, ili uzito wote usibebwe na ngozi ya ndani, ambayo ni nyembamba na huuma upesi. Nyingine zina kibawa cha mpira kinachojibana chini ya ukingo wa sikio, au ndoano inayozunguka nyuma ya sikio kama mkono wa miwani. Zile za plastiki ngumu tupu, umbo moja kwa watu wote, zikimkaa mwanao vizuri ni bahati yake.

Spika ikilegea, sauti hupandishwa

Kipira kisipoziba vizuri, sauti nzito, yaani besi, ndiyo hutoroka kwanza. Muziki unabaki mwembamba kama unatoka kwenye kopo. Wakati huohuo kelele za nje zinaingia. Kijana anafanya nini? Anapandisha sauti. Kwa hiyo spika inayolegea inachosha, na pia inamsukuma mtu asikilize kwa sauti ya hatari bila yeye kujua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Sauti ikifika desibeli 90, muda salama wa mtu mzima unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Simu nyingi hazionyeshi desibeli, basi tumia kipimo rahisi: sauti isipite asilimia 60 ya ukomo wa simu. Na kama umesimama karibu naye, umbali wa mkono, unaongea kawaida na hakusikii, sauti imezidi.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo sana zenye vinywele, ndizo zinazopokea sauti. Zikifa, hazioti tena.

Unapokwenda kununua

Chagua pakiti yenye vipira vya ziada, kwa kawaida vidogo, vya kati na vikubwa. Wengi hutumia vile vilivyokuja vimevalishwa na kutupa vingine pamoja na boksi. Usitupe. Ajaribu kila saizi, na kila sikio lipewe lake, hata kama ni kidogo kulia na cha kati kushoto.

Kipira sahihi hakiumi. Akitikisa kichwa na kutafuna, kinabaki. Besi inasikika bila kupandisha sauti. Kikiwa kikubwa, sikio litaanza kuuma au kuwasha ndani ya nusu saa. Kikiwa kidogo kitazama ndani sana au kuanguka. Kama spika ina waya, mwambie aupitishe juu ya sikio na kuushusha kwa nyuma, ule mvuto wa chini utapungua.

Mtoto mdogo tundu lake ni dogo, na vipira vya watu wazima si vyake. Akilazimika kusikiliza kitu, afadhali hedifoni za kukaa juu ya masikio, kwa sauti ya chini na muda mfupi.

Usafi na ajali

Vipira vichomolewe, vioshwe kwa maji na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Visiazimwe. Sikio linalotoa usaha lisiwekewe spika hata kwa dakika tano. Na nta ya sikio si uchafu wa kuchokolewa. Vijiti vya pamba huisukuma ndani.

Kipira kikibaki ndani ya sikio, usikitafute kwa pini wala kibiriti. Niliwahi kuletewa mvulana ambaye kipira chake kingetoka kwa urahisi, lakini nyumbani walishajaribu kwa kibanio cha nywele. Kilikuwa kimezama na damu inatoka. Peleka kituo cha afya kikiwa vilevile.

Baadhi ya spika zisizo na waya zina betri ndogo ya duara kama kitufe. Mtoto akiimeza, au ikiingia puani au sikioni, ni dharura. Inaunguza nyama ndani ya saa chache. Usisubiri asubuhi.

Kama kijana wako anafanya kazi karashani

Nimekutana na vijana wengi wa Nyarugusu na Katoro wanaovaa iafoni karashani wakiamini wanajikinga. Wanachofanya ni kuongeza kelele juu ya kelele: mashine inanguruma, nao wanapandisha muziki mpaka uishinde. Isitoshe hawasikii wakiitwa kuna hatari.

Pale panahitajika vizibo vya masikio, na navyo vina shida ileile ya kukaa. Kizibo cha sponji kinachoning'inia nje ni sawa na kutovaa. Kwanza anawe mikono, maana mikono ya mwaloni ina tope na wakati mwingine zebaki. Akisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba. Mkono wa pili upite juu ya kichwa, uvute sikio kuelekea juu na nyuma ili njia inyooke, ndipo akiingize. Akishikilie kwa sekunde 30 kivimbe. Sasa aongee: sauti yake mwenyewe isikike nzito, kama anaongea ndani ya mtungi. Akiziba masikio kwa viganja na kelele ikapungua sana, kizibo hakijakaa; akitoe aanze upya.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Mwenye karasha anayesema "ajinunulie" anakwepa wajibu wake. Na kwa aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu aajiriwe mgodini kabisa, awe na vizibo au asiwe navyo.

Lini umpeleke kituoni

Mpeleke akisema masikio yanalia au kuvuma hata kukiwa kimya, akianza kuuliza "unasemaje?" kila mara, akipandisha redio kuliko wengine nyumbani, au sikio likiuma, kuwasha au kutoa majimaji. Usikivu ukipotea ghafla, hata upande mmoja, nendeni siku hiyohiyo. Huenda mkapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Bugando, Mwanza, kwa daktari wa masikio. Nendeni na hizo spika, na mtaje kazi anayofanya na saa anazokaa karibu na mashine, hata kama mhudumu hajauliza.