Stanleyville, Kisangani, na historia ya jina linaloonyesha njia

KISANGANI – Mwaka 1966 mji wa Stanleyville ulipewa jina la Kisangani. Mto Kongo haukuhama, wala maporomoko ya Wagenia. Ila ramani za zamani bado zinasema Stanleyville, na mwenye kuzisoma huambiwa: tafuta Kisangani. Jina la kwanza limebaki kuwa kielekezi tu.

Kompyuta nayo ina majina ya namna hiyo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo unaoiendesha, hutafuta faili hatua kwa hatua, kama mgeni anayeuliza kwanza mji, kisha tarafa ya Makiso, kisha barabara, mwisho namba ya nyumba. Njiani inaweza kukuta kiungo cha ishara. Hicho ni faili ndogo ambayo ndani yake mmeandikwa njia ya kwenda kwingine. Kerneli huisoma na kuifuata.

Wazo hilo si la jana. Watengenezaji wa mfumo wa Multics, nchini Marekani, walilieleza tangu 1965. Unix, iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1969, ilianza bila viungo hivyo: faili moja iliweza kuwa na majina mengi, lakini yote katika diski ileile. Chuo Kikuu cha Berkeley kilivieneza mwaka 1983, katika toleo la 4.2BSD. Leo vimo katika Linux, ambayo kerneli yake inaendesha pia simu za Android.

Hatari zake mbili zinajulikana. Viungo viwili vikielekezana, safari haina mwisho. Ndiyo maana Linux haivuki viungo 40 katika njia moja, bali hutangaza kosa. Ya pili: faili ikifutwa au kuhamishwa, kiungo kinabaki kikionyesha mahali patupu.

Jambo hilo linazigusa familia zilizofukuzwa makwao na vurugu za mwaka 2023 upande wa Lubunga, na wote wanaotunza vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba katika kompyuta ya mtu mwingine. Njia ya mkato ya Windows imetengenezwa kwa namna tofauti, lakini ina udhaifu uleule. Anayeinakili kwenye flashi amebeba anwani, hati yenyewe imebaki nyuma. Basi flashi ifunguliwe kwanza kwenye kompyuta nyingine. Hati ikionekana huko, imesafiri kweli.