Matonya ni jina la mtu

Juzi kwenye foleni ya chakula, jamaa mmoja wa darasa letu, Mgogo, aliishiwa hela akaomba aazimwe buku. Mtu akamjibu, "Acha umatonya wewe!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku ikanisumbua.

Matonya alikuwa mtu, jamani. Mzee kutoka Dodoma aliyekuwa akiomba mitaani Dar es Salaam, kalala chali, mkono juu na kopo lake. Yusuf Makamba alipokuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar alihangaika kuwarudisha ombaomba makwao, Matonya anarudi tu. Magazeti yakampa umaarufu. Basi kila ombaomba akawa Matonya, halafu kila Mgogo. (Yule msanii wa Tanga aliyeimba "Anita" naye alijiita Matonya, ila kujiita na kuitwa ni mambo mawili.)

Kumtania mtu mmoja sioni kesi. Kesi ni pale jina lake linapovalishwa kabila zima, maana historia inafutika. Ugogo kulikuwa na njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Wakati wa Vita Kuu Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikagoma. Inakadiriwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Sasa hapo ombaomba nani, aliyenyang'anya au aliyenyang'anywa?

Mimi Mzigua wa Kwamsisi, Handeni. Sisi tunaitwa wachawi mpaka tumezoea. Na njaa tunaijua. Miaka ya 1830 njaa kali iliwasukuma Wazigua pwani, wengi wakaishia utumwani, wengine hadi Somalia. Vizazi vyao kule bonde la mto Juba havikuacha Kizigua. Vita vya Somalia vilipowakimbiza miaka ya 1990, baadhi walirudi wakapokelewa huku huku Handeni, Mkuyu na baadaye Chogo. Walikuja mikono mitupu. Angetokea mmoja wao akapata umaarufu kwa kuomba, leo ningeitwa jina lake kwenye foleni.

Asubuhi nikamfuata jamaa. "Kaka, juzi nilicheka. Nisamehe."

"Wewe ulicheka tu," akasema. "Sekondari hata mwalimu wa zamu alikuwa ananiita hivyo."

Nikamtolea buku. Akasema alishapata kwa mtu mwingine.