"Bani Adam", shairi la Saadi: nani anafaa kuitwa binadamu?

Mama mmoja ameanguka njiani na bidon yake ya maji. Kijana anapita, anaangalia, anaendelea na safari yake. Wenye kuwa pembeni wanasema: "Sasa ule naye ni mutu?"

Swali hilo tunaliuliza kila siku hapa kwetu. Lakini kuna shairi moja la Kiajemi, yaani lugha ya Irani, ambalo linaliuliza tangu zaidi ya miaka 700. Linaitwa "Bani Adam", maana yake wana wa Adamu. Ni fupi sana, beti tatu tu, na watoto wengi wa Irani wanalijua kwa kichwa. Kwa wenye kupenda kusoma, kwa walimu na kwa vikundi vya wasikilizaji, tunaeleza hapa shairi hilo limetoka wapi na namna gani ya kulisoma.

Saadi alikuwa nani?

Saadi alizaliwa Shiraz, mji wa kusini ya Irani, karibu na mwaka wa 1210. Alisoma Baghdad, akatembea katika inchi za Waarabu, kisha akarudi kwao akiwa mtu mzima. Vitabu vyake viwili vinavyojulikana zaidi ni Bustan, cha mwaka 1257, na Gulistan, cha mwaka 1258. Gulistan maana yake ni bustani ya waridi. Ni kitabu cha hadisi fupi-fupi zinazochanganywa na mashairi, kimegawanywa katika sura nane.

Tuangalie vizuri ule mwaka wa 1258. Mwezi wa pili, jeshi la Wamongoli liliingia Baghdad, mji ule ule Saadi alimosomea. Watu wengi sana waliuawa, na khalifa mwenyewe akauawa. Saadi aliandika shairi la kumlilia. Kwa hiyo, aliposema juu ya wema, vita havikuwa kwake habari ya kusikia kwa mbali.

Shairi lilisemwa mbele ya nani?

Watu wengi wanaochukua shairi hili wanaacha hadisi inayolitangulia. Ni hasara, juu hadisi hiyo ndiyo inafungua maana yake.

Saadi anasimulia kwamba alikuwa ndani ya musikiti mkubwa wa Damasko, karibu na kaburi la Nabii Yahya, ule Wakristo wanamuita Yohana Mbatizaji. Mfalme mmoja aliyejulikana kwa kuonea watu akaja kusali. Alipomaliza, akamuomba Saadi amuombee, sababu alikuwa anaogopa adui mwenye nguvu. Saadi hakumpa baraka ya bure. Alimujibu kwamba awahurumie kwanza raia wake wazaifu, ndipo na yeye atapona mbele ya adui. Kisha yanafuata mashairi.

Ni kusema, wa kwanza kusikia maneno haya alikuwa mukubwa, mwenye jeshi na mali. Na hadisi yenyewe iko katika sura ya kwanza ya Gulistan, sura inayohusu mwenendo wa wafalme.

Beti tatu, hatua tatu

Beti ya kwanza inasema watu ni viungo, kwa sababu wameumbwa kwa asili moja. Neno la Kiajemi pale ni "gohar". Lina maana ya asili, na pia kito cha bei kali. Ni ndugu wa neno letu "johari". Hata "binadamu" yetu ni ndugu wa jina la shairi: imetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mwana wa Adamu.

Hapa wasomi wanabishana. Nakala zingine zinasema watu ni viungo vya mwili mmoja. Zingine zinasema ni viungo vya mtu na mwenzake. Tofauti inaonekana ndogo, lakini fikirini: katika usomaji wa pili, jirani yako ni sehemu yako wewe, na wewe ni sehemu yake.

Beti ya pili inaingia katika maumivu. Kiungo kimoja kikipata shida, vingine havitulii. Hilo kila mtu amelipima. Mguu ukijikwaa usiku, mkono haungojei barua ya shefu ndipo uushike. Na hauulizi mguu ni wa kabila gani.

Beti ya tatu inageuka na kusema na msomaji uso kwa uso. Mwenye kutojali taabu ya wengine, hilo jina la binadamu halimfai. Saadi hasemi ule mtu ni mubaya, wala hamtishi na moto. Anamunyanganya jina tu.

Mfano wa mwili si Saadi aliyeuanzisha. Wakristo wanaukuta katika barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorinto, sura ya 12, kuhusu mwili wa Kristo. Waislamu wanaujua katika hadithi ya Mtume kuhusu waamini. Saadi alipanua uzio: kwake, mwili ni wana wote wa Adamu, wa dini yako na wa dini ingine.

Kwetu hapa

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27, wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waliamriwa kutoka. Watu walijaa barabarani kwenda Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na hata Rwanda. Wengi walilala katika makanisa na masomo, na wengi walipokelewa na familia ambazo hawakuzijua mbele. Beti ya pili ilionekana kwa macho, bila mtu kuisoma.

Lakini tuseme kweli. Mgeni wa siku tatu ni furaha. Mgeni wa miezi sita ni jambo lingine: unga unapunguka, watoto wanagombana, maneno yanaanza. Hapo wema unachoka, na si kwa sababu ya roho mbaya. Mwenye nyumba naye hana kitu.

Ndiyo maana ile hadisi ya Damasko isiachwe. Tukisoma beti tatu peke yake, tunaweza kumwambia mama mwenye kugawa sombe yake na wageni kumi kwamba avumilie tena. Tukisoma na hadisi, tunaona Saadi alianza kwa mwenye nguvu. Ule mama tayari anaitwa binadamu. Swali linabaki kwa wenye kuwa na depo, magari na sahihi.

Na sisi wengine tusijifiche nyuma ya wakubwa. Kusukuma chukudu inayoshindwa mulima, kuachia mgonjwa nafasi kwa robine, kwenda matanga ya mtu asiye na ndugu: hayo hayangojei serkali.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Kuwa viungo vya mwili mmoja, ao viungo vya mtu na mwenzake: ni usomaji gani unawagusa zaidi, na kwa nini?
2. Kwa nini Saadi anaondoa jina, pahali pa kutaja azabu?
3. Katika avenyu yenu, ni kiungo gani kinaumia sasa, na nani bado ametulia?