Adhabu ya Kaburi Aijuaye Maiti: Historia ya Mlevi Kumsaidia Mlevi

Methali isemayo kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti haikutungwa kwa ajili ya mtu anayejaribu kuacha pombe, lakini ni vigumu kupata maneno yanayomfaa zaidi. Siku thelathini za mwanzo bila kileo ni kipindi ambacho walio nje hawakioni. Mwili uliozoea kupokea pombe kila siku hutetemeka, hutoa jasho na kukosa usingizi. Kwa aliyekunywa sana na kwa miaka mingi, siku chache za mwanzo huweza kuleta degedege na weweseko linaloua, na ndiyo maana mtu wa aina hiyo hapaswi kuachishwa pombe ghafla pasipo daktari. Hayo yakipita huja jambo lisilo na dawa ya hospitali, nalo ni jioni. Saa zilizokuwa za baa hubaki tupu, marafiki wa kunywa naye hawana tena la kuzungumza naye, na familia iliyokwisha kusikia ahadi nyingi hungoja kwa mashaka. Swali la makala haya ni la kihistoria: ni lini na kwa njia gani watu walitambua kwamba anayefaa kukaa na mtu huyo katika jioni hizo ni mlevi mwenziwe?

Jibu halikupatikana kwa urahisi. Harakati za kupinga ulevi zilizostawi nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa zilikuwa harakati za watu wasiolewa. Chama kikubwa cha aina hiyo kilichoasisiwa Boston mwaka 1826 kilielekeza nguvu zake kwa wanywaji wa kiasi, ili wasije wakawa walevi. Mlevi aliyekwisha kuzama alihesabiwa hasara. Alitajwa mimbarini kama onyo kwa wengine, wala hakuitwa kuketi na kusema. Kulikuwa na mfano tofauti miongoni mwa wenyeji wa asili wa bara hilo. Mwaka 1799 Handsome Lake, kiongozi wa Waseneca ambaye mwenyewe alikuwa mnywaji aliyelazwa kitandani na maradhi, alipata maono na kuanza kuwahimiza watu wake waache pombe. Mafundisho yake yalidumu kwa vizazi. Lakini wahubiri wa Boston hawakutafuta somo huko.

Badiliko katika miji ya Wazungu lilitokea pasipotarajiwa, ndani ya kilabu cha pombe. Mwezi wa Aprili 1840, wanywaji sita wa Baltimore, wote mafundi wa mikono, miongoni mwao mshonaji, seremala, wahunzi na mfua fedha, walikuwa wakikutana katika kilabu kinachojulikana kama Chase's Tavern. Baadhi yao walikwenda kumsikiliza mhubiri wa kupinga ulevi, wakarudi na kubishana juu ya aliyoyasema. Mwisho wa ubishi ule waliandika ahadi ya kuacha kabisa vileo na kuunda chama walichokiita kwa jina la George Washington. Ahadi za maandishi zilikuwa zimezoeleka. Jambo geni lilikuwa utaratibu wa mikutano yao. Hapakuwa na hotuba ya kasisi. Kila mtu alisimama akaeleza alivyokunywa, alivyoharibikiwa na alivyoacha, kisha akatakiwa kumleta mlevi mwingine katika mkutano uliofuata.

Walioitwa Wawashington walienea kwa kasi katika miji mingi ya Marekani, na maelfu kwa maelfu ya watu walitia saini ahadi yao. Wanawake walianzisha vyama vyao vilivyobeba jina la Martha Washington, wakakusanya nguo na chakula kwa familia za walevi, kwani walifahamu kuwa mtu hawezi kushinda mwezi wa kwanza akiwa na njaa na bila shati la kwendea kazini. Tarehe 22 Februari 1842, Abraham Lincoln, wakati huo mwanasheria kijana wa Springfield asiyekunywa, alihutubia tawi la chama hicho mjini mwake. Hoja yake ilikuwa kwamba wapinga ulevi wa zamani walishindwa kwa sababu walilaani badala ya kushawishi, na kwamba wengi wa wale ambao hawakuwahi kuwa walevi waliepushwa na kukosa hamu ya pombe kuliko na ubora wao wa akili au maadili. Hoja hiyo ya pili haikuwapendeza wote, maana iliondoa ngazi aliyokuwa akisimama juu yake mwema ili amtazame mlevi kwa chini.

Hata hivyo, kabla ya muongo huo kwisha chama kilikuwa kimesambaratika karibu kila mahali. Wanahistoria hutaja sababu kadhaa: ugomvi na makanisa, mgawanyiko juu ya sheria za kupiga marufuku pombe, na tabia ya kuigeuza mikutano kuwa burudani. Ushuhuda wa mlevi ukawa biashara. John B. Gough, aliyetia saini ahadi mwaka 1842 na kuwa msemaji mashuhuri, alianguka tena mjini New York mwaka 1845, na aibu yake ikachapishwa magazetini kote. Ingawa alisimama tena na kuendelea kuhutubia kwa miaka mingi, tukio hilo lilionyesha hatari ya kumweka jukwaani mtu ambaye jeraha lake bado bichi. Wawashington walijua kumwita mlevi aseme. Namna ya kumlinda baada ya kusema hawakuwa nayo.

Nchi ikaifuata njia nyingine, ile ya sheria. Jimbo la Maine lilipiga marufuku uuzaji wa pombe mwaka 1851, na kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 marufuku ilikuwa ya taifa zima. William Griffith Wilson, aliyezaliwa Vermont mwaka 1895 na kufanya kazi katika masoko ya hisa ya New York, alikunywa kipindi chote hicho cha marufuku. Mwishoni mwa mwaka 1934 alitembelewa na rafiki yake wa zamani wa kunywa naye, ambaye safari hii alikataa glasi aliyowekewa. Rafiki huyo alikuwa ameacha pombe kwa msaada wa kundi la kidini lililoitwa Oxford Group. Mwezi wa Desemba Wilson aliingia tena hospitali ya Towns, New York, chini ya Dakta William Silkworth, na hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1971.

Kwa miezi mitano iliyofuata Wilson aliwaandama walevi wa New York akiwahubiria. Hakuna aliyeacha. Silkworth alimshauri apunguze mahubiri na aanze kwa kueleza ugonjwa wenyewe, na mkewe Lois alimkumbusha kwamba, hata kama wengine hawakuacha, yeye mwenyewe alikuwa bado hajanywa. Maneno ya wawili hao yalimfaa mwezi wa Mei 1935, shughuli ya kibiashara iliyompeleka Akron, Ohio, ilipovunjika. Wilson alibaki peke yake katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, na upande mmoja wa ukumbi ule palikuwa na baa yenye vicheko. Badala ya kwenda huko alisoma orodha ya makanisa, akapiga simu hadi akampata kasisi, na kwa kupitia kwake akampata Henrietta Seiberling, mwanamke aliyemfahamu daktari mmoja mlevi. Wilson hakupiga simu ili akatoe msaada. Alikuwa akitafuta mlevi mwingine ili yeye mwenyewe asinywe.

Daktari huyo alikuwa Robert Smith, mpasuaji wa miaka 55, mzaliwa wa Vermont kama mgeni wake. Siku ya Jumapili tarehe 12 Mei 1935 alikwenda kwa Seiberling shingo upande, akiwa bado na uchovu wa pombe ya jana yake, na akamwambia mkewe kwamba hatakaa zaidi ya dakika kumi na tano. Waliketi saa kumi na moja jioni na kuagana baada ya saa tano usiku. Smith hakukosa mafundisho ya dini. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amesali na kusoma pamoja na Oxford Group ya mji wake, huku akiendelea kunywa. Alieleza baadaye kwamba Wilson alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye ambaye aliijua hali hiyo kwa kuipitia. Maiti alikuwa amekutana na maiti.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kana kwamba iliishia usiku ule. Yaliyofuata yana mafunzo zaidi. Wilson alihamia nyumbani kwa akina Smith, na kwa wiki kadhaa daktari hakunywa. Kisha akasafiri kwenda Atlantic City kwenye mkutano wa madaktari, akanywa safari nzima. Aliporudi hali yake ilikuwa mbaya, na kulikuwa na mgonjwa anayengoja kupasuliwa. Wilson na Anne, mke wa Smith, walimuuguza kwa siku tatu usiku na mchana. Asubuhi ya upasuaji Wilson alimpa bia ya kuzimua ili mikono isitetemeke. Upasuaji ulipokwisha Smith hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alizunguka mjini kuwaona watu aliowakosea na waliomdai, akarudi jioni akiwa hajanywa. Siku inayoadhimishwa kuwa ya bia ile, iliyokuwa ya mwisho, ni 10 Juni 1935, ingawa baadhi ya wanahistoria huisogeza mbele kwa siku chache. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, ulikuwa na anguko ndani yake. Aliyeanguka hakufukuzwa wala hakuhubiriwa. Alikaliwa kitako.

Wiki hizo zilizaa utaratibu. Mwishoni mwa Juni wawili hao walikwenda hospitali ya mji kumwona mwanasheria aliyelazwa kwa ulevi, naye akawa wa tatu. Kuanzia mwaka 1939 mtawa wa Kikatoliki, Sista Ignatia, alishirikiana na Smith kuwalaza walevi katika hospitali ya St. Thomas, Akron, wakati ambapo hospitali nyingi ziliwakataa. Mgonjwa alikaa siku chache, na wageni wake wakuu walikuwa walevi walioacha. Alipotoka, Sista alimpa nishani ndogo ya Moyo Mtakatifu kwa sharti kwamba airudishe kwake kabla ya kunywa tena. Sharti hilo lilimpa mtu katika siku zake za mwanzo kitu alichokuwa akikihitaji sana, yaani mlango wa kubisha hodi kabla ya glasi, badala ya baada yake.

Swali la nani hasa ni mwenza halikujibiwa mara moja. Wanawake walipokelewa kwa kusitasita. Marty Mann, aliyehudhuria mkutano wa kwanza nyumbani kwa Wilson huko Brooklyn mwaka 1939, aliwakuta karibu wote ni wanaume. Wamarekani Weusi, katika nchi iliyotenganisha hata mabomba ya maji, walianzisha kundi lao mjini Washington mwaka 1945. Mwenza, kama ilivyodhihirika, hapatikani kwa kushiriki chupa peke yake. Lazima awe mtu ambaye mbele yake mwingine anaweza kusema bila kujieleza kwanza.

Hapa historia hii inawagusa Waswahili. Katika jamii za pwani, na katika jamii zilizotokana nazo ughaibuni, ulevi hauchukuliwi kuwa maradhi tu. Ni aibu ya ukoo na ni dhambi, na jamii huikabili kwa sitara. Sitara ni tunu, na methali nyingine hueleza kwa nini: aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwema hasimulii. Lakini sitara ikikosa mwosha hugeuka kuwa upweke. Kijana hufungiwa chumbani, hupelekwa safari ya ghafla kwa mjomba, au hutajwa kuwa ana malaria. Mficha maradhi, wahenga walikwisha kusema, kifo humuumbua. Kanuni ya kutotaja majina, iliyothibitishwa na chama cha Akron katika taratibu zake mwaka 1950, inaweza kusomwa kama jibu kwa tatizo hilohilo na kwa kosa la Wawashington. Mtu anasema yote mbele ya wachache, na wachache hao hawayatoi nje. Hiyo ni sitara yenye mashahidi.

Pingamizi la dini nalo lina historia yake. Hatua 12 zilizochapishwa mwaka 1939 zilizaliwa katika mazingira ya Kikristo, hata kama waandishi walijitahidi kuacha nafasi kwa kila mtu amfahamu Mungu kwa ufahamu wake. Mwaka 1989, katika mji uleule wa Baltimore walikoanzia mafundi sita, Waislamu waliokuwa wakijinasua kutoka kwenye uraibu walianzisha Millati Islami, wakazifasiri upya hatua hizo kwa misingi ya Uislamu. Na Zanzibar, tangu miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii, zimekuwapo nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, ambako watu waliowahi kutumia heroini huwapokea wanaoanza kuacha na kuishi nao. Dawa ni nyingine, na arosto si mtetemo wa pombe. Lakini mtu anayeketi pembeni ya godoro ni yuleyule wa Akron: aliyepita njia hiyo kabla.

Njia hii haimfai kila mtu, na haichukui nafasi ya daktari. Mapitio ya kitaalamu ya shirika la Cochrane yaliyotolewa mwaka 2020, yaliyojumuisha tafiti 27 na washiriki 10,565, yaliona kwamba programu zinazowaunganisha watu na chama hicho huwasaidia kudumu bila pombe sawa na tiba nyingine zilizothibitishwa, na mara nyingi zaidi yake. Matokeo hayo yanaafiki kile ambacho mafundi wa Baltimore walikihisi bila takwimu.

Kwa msomaji wa Muscat, Leicester au Columbus mwenye ndugu aliye katika wiki yake ya pili, suala si kama ulevi ni dhambi, maana ndugu huyo analijua hilo kuliko yeyote. Suala ni nani atakayekaa naye leo kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Mama anaweza kupika na kuomba dua, na imamu au padri anaweza kuonya kwa upole. Lakini katika saa hizo sita anahitajika pia mtu aliyewahi kulala kaburini humo, ambaye akishaondoka hatayasimulia aliyoyaona.