Samaki wa Tanganyika na Baridi ya Ugenini

Sisi wa Munisagara hatuna ziwa. Tuna Mto Mkondoa, na tuna Reli ya Kati inayofuata bonde lake. Hata hivyo Ziwa Tanganyika si geni kwetu. Misafara ya Ujiji ilipita bonde hili. Stanley mwenyewe alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Reli ilifika Kilosa 1909 na Kigoma 1914, na tangu hapo dagaa na migebuka wakavu wamepita mlangoni petu ndani ya mabehewa. Kwa hiyo niliposoma kwamba huko Ulaya watu hufuga samaki wa ziwa hilo sebuleni, ndani ya matangi ya kioo, nilicheka, kisha nikajiuliza: wakati wa theluji wanaishije?

Habari hiyo ina umri mrefu. Mwingereza J. E. S. Moore alikusanya samaki wa Tanganyika mnamo 1895 na 1896, na mwaka 1898 G. A. Boulenger akawaeleza kisayansi huko London. Mmoja akapewa jina la Tropheus moorii kwa heshima ya Moore. Lakini hao walifika wakiwa wafu. Samaki hai walihitaji ndege, na katika miaka ya 1970 Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha kutoka Burundi. Mwaka 1978 alichapisha kitabu kizima juu yao.

Ndugu msomaji, fikiri samaki huyo anatoka wapi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Maji ya juu huwa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi za Sentigredi, na yale ya chini kabisa ni kama nyuzi 23. Wingi wa maji hayo ndio ulinzi wake: usiku mmoja wa baridi hauwezi kuyabadili. Tangi la kioo halina ulinzi huo. Hapana budi liwe na hita ya umeme, pamoja na kidhibiti kinachoiwasha na kuizima. Tena maji yake huchafuka, kwa hiyo sehemu yake humwagwa na kuwekwa mengine, na siku hizi wako wanaoiachia mashine kazi hiyo. Hapo ndipo baridi inapopata mlango, kwa sababu majira ya baridi maji ya bomba huja yakiwa baridi sana.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Tangi la lita 200 lina nyuzi 26. Toa lita 50, tia lita 50 zenye nyuzi 10. Zikichanganyika, tangi lote hushuka hadi nyuzi 22, na kwa samaki wetu huo ni mshtuko. Hita ya wati 200 itahitaji zaidi ya saa nne na nusu kurudisha joto hilo. Sasa chukua lita hizo hizo 50, uziache zitiririke polepole kwa siku nzima, huku maji ya zamani yakitoka kwa kiasi kile kile. Kuzipasha joto kutahitaji kama wati 40 tu kwa wastani, na hita ile ile itaimudu kazi bila samaki kuhisi lolote. Wenye haraka huyapasha maji mapya kwanza katika pipa la pembeni. Joto linalotakiwa ni lile lile. Kinachookoa samaki ni kuligawa. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba.

Ningeishia hapo, lakini ziwa lenyewe lina somo jingine. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma, ukisukuma maji ya joto kuelekea kaskazini. Huko kusini maji ya baridi hupanda kutoka chini, yakileta rutuba. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo, mimea hulisha wadudu wa majini, na wadudu hulisha dagaa. Baridi anayoikimbia mwenye tangi ndiyo inayoandaa chakula cha Kigoma.

Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza kwamba ziwa limepata joto katika karne ya 20. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto huwa mepesi, hukaa juu kama kifuniko, na upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini. Walikadiria kuwa ukuaji wa mimea midogo ulikuwa umepungua kwa kama asilimia 20. Wavuvi pia wameongezeka, kwa hiyo lawama zote haziwezi kuwekwa juu ya joto. Lakini ni lazima joto lihesabiwe.

Mwenye tangi akiona joto limepanda, huchomoa waya ukutani. Ziwa halina waya wa kuchomoa. Nami naona ajabu kwamba kidogo kidogo ile inayomwokoa samaki wa sebuleni ndiyo inayotudanganya sisi. Nyuzi nne kwa dakika kumi zingetupigisha kelele. Chini ya nyuzi moja au mbili kwa miaka mia moja hupita kimya, mpaka gunia la dagaa linapoanza kuwa jepesi.